Profesa na Korosho za Shinani

Siti wa Mkunya hakufika darasa la tano, lakini aliwahi kumtengeneza profesa mzima kwa maneno ya mdomo wake, na hadi leo anajuta.

Profesa mwenyewe ni Gideoni, mtoto wa Masasi, bingwa wa sheria za jinai chuo kikuu. Miaka ishirini na mitano iliyopita alikuja Mkunya, kijiji cha Newala, akiwa mwanafunzi mwembamba mwenye kinasa sauti, akakaa kwa Siti wiki tatu, akioga ndoo nzima kila siku utadhani Newala kuna mto. Siti ndiye aliyemweleza mila ya mikorosho: mpita njia mwenye njaa hula bibo la mtu yeyote, ila korosho huzinyofoa akazilundika shinani, mwenye shamba azikute. Anayelundika si mwizi. Gideoni akayaandika hayo, akapata udaktari. Akayaandika tena yaleyale kwa maneno marefu zaidi, akapata uprofesa. Siti hakutajwa hata pembezoni mwa ukurasa. Shukrani ya punda ni mateke.

Mwaka jana profesa akanunua shamba la mikorosho hapohapo Mkunya, akaweka mlinzi kutoka mbali. Mwezi wa kumi Salmini, kitinda mimba wa Siti, akirudi kwa miguu kutoka Makote, alikatiza humo, akala mabibo, akalundika korosho shinani kama alivyolelewa. Mlinzi kuona lundo, akaona mwizi anayekusanya mzigo. Yule ni mgeni, hana lawama. Salmini akapelekwa mahabusu.

Siti alicheka alipoambiwa shamba ni la nani. Kesi imekwisha, alijisemea, maana nani mwingine ana vyeti vya mila hii? Akamfuata Gideoni mjini Newala alikofikia. Profesa akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akampa kiti, akamsikiliza huku akiitikia kwa kichwa kama yuko kwenye semina. Siti alimwomba jambo moja tu: akaseme mahakamani kile alichokiandika.

"Mama Salmini," profesa akasema, "ule ulikuwa utafiti. Hili ni shamba."

Siti alitamani kumtemea mate. Akayameza, kwa sababu mwanawe alikuwa ndani.

Siku ya kesi profesa alipanda kizimbani na tai shingoni, joto lote lile. Salmini, alipopewa nafasi ya kumhoji, aliuliza swali moja: kitabu chake kinasemaje juu ya korosho zilizolundikwa shinani? Profesa akakohoa. Akaeleza kwamba kitabu kilihusu mambo ya zamani, mila hiyo ilikwishakufa, na anayeitaja leo anatafuta kichaka cha kujifichia. Aliyasema kisomi, kwa mpangilio mzuri, hata hakimu akawa anaandika haraka asipitwe. Nani ambishie mwenye kitabu? Salmini akafungwa miezi sita.

Nje, Siti aliketi kwenye ngazi za mahakama. Profesa akamjia na daftari. Kwa sauti ya huruma alimweleza kwamba anaandaa makala mpya kuhusu kufa kwa mila, akamwuliza, kwa maoni yake, hii ilikufa lini.

Siti alimtazama kuanzia viatu hadi tai.

"Andika tarehe ya leo," alisema. "Aliyeiua sina haja ya kukutajia, wewe ndiye msomi wa jinai."

Profesa Gideoni akatoa kalamu, akaandika tarehe.