Birika la Pembeni

Siku ya tatu ya mwezi wa mvua ndogo, mwaka wa tisa wa utawala wa farasi aliyeitwa Mfalme Dume, kulipambazuka na ukungu na manyunyu ya baridi. Ndani ya uwanja wa malisho uliozungushiwa boriti pande tatu, upande wa nne ukiwa kilima, farasi kumi na mmoja walijipanga mbele ya birika moja la maji. Birika liliwekwa pembeni kabisa, zinapokutana boriti mbili, kwa amri ya Mfalme. Aliyeinama kunywa hakuwa na pa kukimbilia.

Kijivu, farasi jike mwenye mtoto wa wiki tatu, alikuwa wa mwisho. Siku ya pili hiyo hajaonja maji. Maziwa yalikuwa yanamkauka. Mtoto ananyonya, anaachia, ananyonya tena, anaachia. Akamwomba Muumba wake kimoyomoyo, akainama. Mfalme akamng'ata shingoni mpaka damu ikatoka.

Barazani, Kijivu alisimama na jeraha lake.

"Mtukufu, birika lihamishiwe katikati. Na nyasi ziwekwe mafungu yanayozidi idadi yetu, ili anayefukuzwa apate pa kwenda."

Waziri Nyumbu akaguna. "Mama Kijivu, Mtukufu hajamng'ata yeyote. Ni nyinyi mnaopitisha shingo zenu karibu na meno yake."

Baraza zima likacheka, maana kutocheka kulikuwa na adhabu.

"Na sheria yangu ni ileile," alisema Mfalme. "Hakuna kuvuka kilima. Hakuna kutoka machoni pangu. Nawapenda mno, siwezi kuwakosa hata..."

Akakatiza. Nyumbu alikuwa amezunguka kichaka kwenda haja. Shingo ya Mfalme ikasimama, macho yakamtoka, akalia kilio chembamba kama cha ndama. Nyumbu alipojitokeza, Mfalme akaendelea na hotuba.

Miaka tisa Kijivu alikiita kilio kile upendo. Leo alikisikiliza vizuri. Kumbe huyu anaogopa!

Akawageuzia mgongo, akamsukuma mtoto wake kwa pua, wakaanza kupanda kilima.

"Rudi, mwendawazimu wewe!" Nyumbu alifoka.

Farasi mmoja akamfuata. Wakafuata watatu. Wakafuata wote. Hata Nyumbu, aliyeapa kwamba anakwenda kuwarudisha, hakurudi.

Ng'ambo ya kilima kulikuwa na kijito. Kijivu akanywa mpaka tumbo likamvimba, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mfalme alibaki na maji yote na nyasi zote. Hakugusa. Alikimbia kando ya boriti, asithubutu kuvuka kilima, akaenda akarudi, akilia, mpaka akatota jasho na sauti ikamkauka.

Adhuhuri waliporudi, alikuja mbio. Kijivu alimpita, akaweka kifua kwenye birika, na wenzake wakasaidia kulisukuma hadi katikati ya uwanja.

"Mmeniacha," alisema Mfalme.

"Ndiyo," alijibu Kijivu. "Na kesho tutakuacha tena, kesho kutwa tutakawia zaidi, mpaka ujue kusimama peke yako."

"Nitawapiga mateke!"

Wenzake Kijivu walikuwa wamekwisha kulizunguka birika, na kila mmoja alisikia jibu. Kijivu alisema, "Piga mmoja tu. Naahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote: siku hiyo tutavuka kilima, na hutatuona tena."