Jicho Asilolitumia Hakosi

Hakosi aliingia kwa mpima macho akiwa amenuna, na kabla hajatoa hata salamu bega lake la kushoto lilikuwa limeshagonga kabati la vioo lililosimama karibu na mlango. Fremu zote zikacheza ndani.

"Nani anaweka kabati mlangoni jamani?" akafoka. "Mnataka watu wavunjike mabega?"

Nyuma yake alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, mwanamke asiyejua kunyamaza. "Usilitukane, wifi. Lilikuona unapita, likakufuata."

Hawa wawili walikuwa hawapatani tangu harusi ya shemeji mdogo wa Hakosi. Siku hiyo, mbele ya ukoo mzima, wifi alimnyooshea mkono Hakosi, na Hakosi akapita zake akaenda kukaa, mkono wa mwenzake ukabaki unaning'inia hewani. Watu waliona. Wifi alirudi nyumbani analia kwa hasira, na kuanzia hapo salamu zikawa za kwenye simu tu, tena za mkato. Hakosi aliapa kuwa hakuona mkono wowote. Nani atakuamini, wewe mwanamke unayepiga bastola bila kukosa, kwamba hukuona mkono wa mtu?

Maana hilo ndilo jina lake, Hakosi. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Yeye ni fundi cherehani, na miaka ya nyuma klabu ya kulenga shabaha ilimpa kazi ya kushona vizibao vyao. Alipokwenda kuwapima vifua, wakamshikisha bastola kwa utani, wapate cha kucheka. Akavibwaga vibao vyote vya chuma, kimoja baada ya kingine, halafu akauliza kama kuna vingine. Waliomcheka siku ile ndio waliompa jina.

Sasa kilichomnunisha ni hiki. Jumapili iliyopita, akiwa mazoezini, kipande cha risasi kiligonga kibao cha chuma kikarudi, kikampiga kwenye miwani yake ya kawaida, hii ya kuvaa kazini na nyumbani. Kioo cha kulia kikapata kovu dogo, la ukubwa wa punje ya mchele. Yeye akacheka, akaipangusa kwa upindo wa kizibao, akataka kuendelea. Mkuu wa uwanja, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wafu, akamnyang'anya bastola.

"Bila miwani ya kinga yenye namba zako, Jumamosi hushindani."

"Mzee, ni mkwaruzo tu!"

"Hushindani."

Na Jumamosi ndiyo siku ya kuchagua timu ya kwenda nje. Hakosi alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miaka, huku wakichaguliwa watu anaowashinda hata akiwa na homa. Mumewe, aliyekuwa safarini, alimjua mkewe vizuri. Akampigia simu dada yake: "Mpeleke wewe kwa mpima macho. Ukimwacha peke yake ataokota miwani ya jua barabarani aje aseme ni ya kinga." Wifi akakubali shingo upande. Basi ndivyo walivyofika pale, kila mmoja na mdomo wake.

Mpima macho alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye vidole virefu visafi. Akawakaribisha, akasikiliza, kisha akamwaga fremu mezani. Hakosi akadaka moja nyembamba ya rangi ya dhahabu.

"Hii."

"Hiyo ni ya kwendea kazini, mama. Kipande kikija, hiyo fremu yenyewe inaweza kukuumiza." Akasogeza nyingine, nene, nyeusi, yenye vizuizi vya pembeni vilivyokumbatia hadi karibu na masikio. "Hii ndiyo yako. Lenzi zake ni za plastiki ngumu, ukizipiga nyundo hazivunjiki."

Hakosi aliijaribu, akajitazama kwenye kioo, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Loh! Daktari, mimi nakwenda kushindana, siendi kuchomelea mageti."

"Imekupendeza," wifi akasema. "Ukitoka hapa pitia kwenye kazi ya mabomba."

Mpima macho naye akacheka kidogo. Halafu akauliza swali lililomfanya Hakosi amheshimu papo hapo. Aliuliza lenzi ilenge kuona wazi wapi: kwenye kibao cha mbali, au kwenye kile kijino cha kulengea kilicho mbele ya mtutu?

"Kwenye kijino!" Hakosi akapiga meza kwa furaha. "Kijino kikae wazi kabisa, kibao hata kikiwa na ukungu hakina neno. Wewe unaijua kazi yako. Sasa nipime hili la kulia unikatie lenzi, niondoke. La kushoto weka kioo tupu."

"Kioo tupu kwa nini?"

"Silitumii."

"Hulitumii vipi?"

Hakosi akasimama katikati ya duka, akanyoosha mkono mbele kama aliyeshika bastola, akafumba jicho la kushoto. "Hivi. Tangu nianze. Hata uzi naupitisha kwenye tundu la sindano hivi hivi. La kushoto ni pambo tu, lisije likamwonea wivu mwenzake."

"Hata hivyo nitalipima."

"Unanipotezea muda, daktari."

"Nipotezee na wewe wangu kidogo," yule bwana akajibu taratibu, akamwonyesha kiti.

Chumba cha kupimia kilikuwa nyuma ya pazia, kidogo, chenye taa ya dari na kibao cha herufi ukutani. Wifi akavuta kigoda akakaa kando ya pazia, achekeshwe. Mpima macho akamvua Hakosi miwani, akamvisha fremu nzito ya chuma ya kupimia, akaziba upande wa kushoto kwa kifuniko cheusi. Akabadilisha lenzi mbili tatu. Hakosi akasoma herufi zote hadi mstari wa mwisho, kisha, kwa maringo, akasoma na jina la kiwanda lililoandikwa chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi.

"Umeona?" akasema. "Waliponiita Hakosi hawakuniita bure."

"Nimeona. Sasa upande wa pili."

Akahamisha kifuniko, akakiweka kulia.

Hakosi akanyoosha shingo kuelekea ukutani.

"Daktari," akasema, "umeme umekatika."

Wifi akaangua kicheko. Alidhani ni mzaha, na kwa kweli ulikuwa mzaha wa kufanana na Hakosi kabisa. "Mtu akishindwa kusoma anasingizia umeme!"

"Sifanyi mchezo. Umekatika. Washeni basi hata tochi."

Kicheko cha wifi kikafa. Alitazama taa ya dari. Ilikuwa inawaka. Feni ndogo pembeni ilikuwa inazunguka. Alimtazama mpima macho, naye mpima macho alikuwa amesimama na lenzi mkononi, haiweki wala haiondoi.

"Wifi," akamwambia Hakosi polepole, "umeme upo."

"Acha utani wako wewe."

"Wallahi upo. Taa inawaka juu ya kichwa chako."

Hakosi akainua mkono, akaupeleka mbele ya uso wake, akautikisa. Hakuona kitu. Akausogeza hadi vidole vikagusa kope. Hakuona kitu. Akakipapasa kifuniko cha upande wa kulia, akaking'oa kwa nguvu, na chumba kizima kikarudi mara moja: taa, kibao, feni, wifi yake aliyeshika mdomo. Akalifunika tena jicho la kulia kwa kiganja. Giza. Akaondoa. Mwanga. Akafunika. Giza. Alifanya hivyo mara nyingi, haraka haraka, na kila mara pumzi yake ilikuwa inapanda.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana, hapana. Limefanya nini? Umelifanya nini jicho langu?"

"Sijaligusa, mama."

"Nimekuja naona! Nimeingia hapa kwa miguu yangu naona!"

Yule bwana hakubishana naye. Akamwangalia kwa kurunzi ndogo, jicho moja kisha la pili, akarudia, akamkalisha kwenye mashine inayopuliza upepo machoni, akarudia na hiyo. Wifi alikuwa ameshasimama, ameshika pazia kwa mikono miwili. Mpima macho alipomaliza alikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Hii inaonekana ni presha ya macho," akasema. "Haiumi. Inakula uono kidogo kidogo kutoka pembeni, na jicho zima linamfichia mgonjwa lile lililoharibika. Wengi hugundua siku wakifumba lile zima."

"Mimi nafumba jicho kila siku!" Hakosi akapiga kelele. "Kila siku ya Mungu nafumba jicho!"

"Unafumba lipi?"

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye jicho la kushoto. Cherehani, sindano, bastola, miaka yote ile, na kila alipofumba jicho alikuwa anafumba lile lile. Hakuwahi hata siku moja kuliacha la kushoto lifanye kazi peke yake, likamwambia hali yake.

"Litarudi?" akauliza.

"Kwa ninavyoona, la kushoto halirudi. Madaktari watakuambia zaidi. Ulikuwa unagonga vitu? Upande huo?"

Wifi yake ndiye aliyeanza kulia, tena kwa sauti. Kabati la mlangoni. Meza ya kulia chakula ambayo Hakosi huigonga kila akizunguka, wakamwita mwenye haraka. Chai aliyoimwaga kando ya kikombe cha mgeni, wakacheka wote. Majirani wanaosema siku hizi anaringa.

"Wifi," akamwambia Hakosi, "siku ile ya harusi... mimi nilisimama kushoto kwako. Nakumbuka, wewe ulikuwa unatazama jukwaa. Nilisimama kushoto. Mungu wangu, nimekutangaza kwa ukoo mzima kuwa una maringo."

Hakosi hakuwa anasikia vizuri. Alikuwa ameichukua miwani yake kutoka mezani, ile ya kawaida, anataka kuivaa tu ajisikie mtu, na kidole gumba chake kilikuwa kimeangukia lile kovu la Jumapili. Kidole kikasimama hapo.

"Hii alama ni ya nini?" mpima macho akauliza.

Akamwambia. Kipande cha risasi, kibao cha chuma, mkuu wa uwanja. Alisimulia kwa sauti ndogo, na hakuna kilichomchekesha safari hii.

Yule bwana akaipokea miwani, akaielekeza kwenye taa. Akapitisha kucha juu ya kovu, akageuza kioo, akapitisha kucha upande wa ndani. Kisha akagusa kidogo tu, pap, kipande cha kioo kikachomoka, kikadondoka mezani. Kilikuwa kimepasuka hadi ndani. Kioo kilikuwa kinashikana kwa bahati.

Mpima macho akakaa chini kwenye kigoda cha wifi. Alikuwa ameshikilia ile miwani yenye tundu, upande wa kulia, na alionekana kama mtu aliyeponea chupuchupu yeye mwenyewe.

"Mama," akasema, "Jumapili ulikuwa na jicho moja tu, na hukujua. Na hilo moja ulilipeleka mbele ya risasi na kioo cha kusomea gazeti."

Hapo ndipo Hakosi alipotetemeka. Sio kwa lile lililokufa, hilo lilikuwa bado halijamwingia akilini. Alitetemeka kwa hili lililopona, na kwa vile alivyocheka akaipangusa kwa upindo wa kizibao akataka kuendelea. Alijiona akirudishwa nyumbani ameshikwa mkono, asione hata mlango wake, asijue kwamba jicho la pili lilikuwa limekwisha kitambo.

"Na Jumamosi?" akauliza baadaye. Aliuliza kama mtoto anayejua jibu.

"Leo hospitali ya macho, sasa hivi, ukitoka hapa. La kulia nalo presha imepanda, ila hilo linawahika, kuna dawa za matone. Jumamosi waulize wao. Kulenga kwa jicho moja unaweza, umekuwa ukifanya hivyo siku zote. Lakini miwani hii usiichague kwa ajili ya Jumamosi." Akaichukua ile fremu nene nyeusi. "Hii utaivaa kila siku. Ukishona, ukikaanga vitunguu, ukivuka barabara. Usiku tu ndiyo unaivua."

Hakosi akaitazama ile miwani ya kuchomelea mageti. Akaishika kwa mikono miwili.

"Lenzi za namba yako ya kila siku ninazo," yule bwana akaendelea. "Nazikata sasa hivi, haitachukua muda."

"Kata," Hakosi akasema. "La kulia weka namba. La kushoto weka kioo tupu."

Safari hii hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Walisubiri wakisikiliza mashine ya kukatia ikilia nyuma ya ukuta. Ilipokwisha, mpima macho akamvisha mwenyewe, akamkazia mikono ya fremu nyuma ya masikio, akampa karatasi ya hospitali. Hakosi akashukuru, akageuka kuelekea mlangoni, kwa mwendo wa polepole usio wake kabisa. Wifi alikuwa ameshatangulia na kusimama mlangoni, mkabala na kabati, upande wa kushoto wa anayetoka, na amemnyooshea mwenzake mkono.

Hakosi akapita.

Akaupita ule mkono kama alivyoupita siku ya harusi, kichwa juu, macho mbele, na wifi akaona kwa macho yake jinsi ilivyokuwa. Akamfuata mbio, akamdaka kiganja cha kushoto. Hakosi akaruka kwa mshtuko, akapiga yowe lililowageuza watu barabarani.

"Nani huyo?"

"Mimi, wifi. Ni mimi. Nipo huku."