Vidonge vya Magoti ya Mama

Asubuhi ile Getruda alimkuta mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameikita magotini, mabega yamepanda hadi masikioni. Kila pumzi ilitoka na mluzi. Jana yake Alois alikuwa porini akirina asali, na moshi ulikuwa umemwamshia pumu.

"Baba Hilari, kidonge chako?"

Akatikisa kichwa. Kotizoni, vidonge vyake vya pumu, ilikuwa imekwisha, na hospitalini Sikonge waliambiwa wasubiri gari la dawa kutoka Tabora.

Getruda alisimama katikati ya chumba, hajui ashike nini. Ndipo akakumbuka maneno ya Silasi, mgawa dawa wa hospitali. Siku Alois alipopewa vidonge vile mara ya kwanza, mama yake Getruda, Apolinaria, mwenye baridi yabisi, naye alipewa hivyo hivyo. Getruda akashangaa: kifua na goti, dawa moja? Silasi akacheka. "Goti la mama limevimba kwa ndani. Na njia za pumzi za huyu bwana zimevimba kwa ndani, zimekuwa nyembamba kama bua. Dawa hii inashusha uvimbe, haiulizi ni wa wapi."

Mama alikuwa akiishi kibanda cha ng'ambo ya ua. Getruda akavuka mbio.

"Mama, bado una vidonge vya uvimbe?"

"Ninavyo. Leo nimemeza mapema, hata magoti yameacha kelele."

"Nipe viwili."

Apolinaria aliinua macho, akayashusha. Hakuuliza ni vya nani. Tangu binti yake aolewe hakuwahi kumtazama mkwewe usoni wala kutamka jina lake. Akimsikia anakuja, alijifunika kanga akapitia nyuma ya nyumba. Ndiyo heshima ya mkwe. Akafungua pindo la kanga, akatoa vidonge viwili vyeupe.

Alois akavimeza. Getruda akabandika uji, akasubiri kifua kifunguke.

Uji ulipoiva, kamasi jepesi lilikuwa linamtiririka Alois, macho yamekuwa mekundu. Mluzi ulizidi, kisha ukaanza kufifia. Getruda akashukuru Mungu, mpaka alipoitazama midomo: ilikuwa ya majivu. Mluzi ulikuwa unafifia kwa sababu hewa haikuwa inapita.

"Getru... nakufa."

"Hufi! Mama! Mama, njoo!"

Apolinaria akatokea kwenye mlango ambao hakuwahi kuukaribia. Akamtazama mkwewe, uso kwa uso.

"Mlete nje," alisema. "Mpandishe baiskeli. Asilale, atakufa."

Getruda alisukuma usukani. Alois alikaa kwenye keria, na Apolinaria alimshikilia kwa nyuma, mgongo wa mkwewe kifuani pake, ili asianguke. Barabara ya vumbi haikuisha. Watu waliacha majembe wakatazama. Ngollo, jirani yao, akapiga makofi.

"Jamani, mkwe amemkumbatia mkwe! Dunia imekwisha!"

"Ngollo, kama una mikono, njoo usukume," Apolinaria alimjibu bila kusimama. "Kama una mdomo tu, mpelekee mkeo."

Ngollo akaja, akasukuma.

Hospitalini Silasi alitoka mbio. "Amekula nini?"

"Vidonge vya mama," Getruda alisema. "Vile vya uvimbe."

Silasi akashika kichwa. "Vile ni asprini! Kotizoni ilipopungua tulimbadilishia bibi. Kwa magoti ni nzuri, lakini wapo wenye pumu ambao inawafunga kifua kabisa, na kwa nini, hata daktari hajui. Bibi, si nilikuuliza? Nyumbani kuna mwenye pumu? Ukasema hakuna, nami nikadhani mkweo anakaa mbali!"

Apolinaria alivuta kanga usoni. Siku ile aliulizwa mbele ya watu; angewezaje kutaja kifua cha mkwewe? Akaitazama miguu yake, iliyofika hapa kwa nguvu ya vidonge vile vile.

Daktari alimchoma Alois sindano ya adrenalini. Kimya. Getruda aliishika miguu ya mumewe, baridi kama ya samaki, akasali sala isiyo na maneno. Halafu mluzi ukarudi, mwembamba, kisha mnene. Hakuwahi kudhani angeufurahia.

"Leo hafi," daktari alisema. "Lakini sindano imefungua njia tu, uvimbe haujaondoka. Gari la Tabora lazima lifike."

"Lisipofika?"

Daktari akaanza kuandaa sindano ya pili.

Apolinaria alikuwa amekwisha kutoka, amejifunika kanga, amekaa chini nyuma ya ukuta. Sauti yake ikaingia dirishani, ikimwambia Silasi:

"Baba, lile swali lako. Nyumbani kuna mwenye pumu. Anaitwa Alois."

Kitandani, Alois akageuza kichwa kuelekea dirishani, akavuta pumzi.