Jina la Zhuang Hanyu Juu ya Jiwe

Tangu mkono wake wa kulia uanze kutetemeka, Zhuang Boqian alikuwa haandiki kitu mbele za watu. Leo hakuwa na pa kukimbilia. Siku ya kufagia makaburi, ambayo kila ukoo huwazuru wafu wake, ilikuwa imebaki wiki moja, kaburi la mdogo wake Hanyu halikuwa na jiwe, na katika ukoo wao jiwe la marehemu haliandikwi na mgeni maadamu yupo ndugu anayeweza kushika brashi.

Basi alifika kwa fundi Keng, mchonga mawe, akiwa amejipanga. Alitandika karatasi akaandika jina kwa mwandiko wa kukimbia, ule ambao brashi hainyanyuki na herufi moja inamwagikia nyingine. Katika mbio zile, nani atajua kipi ni ustadi na kipi ni mtetemo?

Cuizhen, mjane wa Hanyu, akaitazama karatasi, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Shemeji, hili ni jina la mume wangu au tambi zimemwagika?"

Keng akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Huo ndio mwandiko wa mabingwa," Boqian alisema.

"Mabingwa ndio watakaokwenda kumtembelea? Si mimi?"

Boqian akamwandikia kwa mwandiko wa mihuri, wa kale kuliko yote, akikwaruza mistari kama muhuri uliolika. Humo mtetemo hupita kwa jina la ukale. Cuizhen akatikisa kichwa.

"Wa makarani, basi," Keng alidakia, kwa kuwa alikwishaona mkono. "Ile mikia yake minene inasitiri mengi, mzee."

"Hapana. Niandikie wa kusimama."

Boqian alijua kwa nini. Shemeji yake alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini, kwenye kisomo cha watu wazima, na Hanyu alikaa naye mezani herufi kwa herufi. Alizijua zile za vitabuni tu, zilizosimama wima, kila mstari mahali pake.

"Nikifika pale nataka nimsome," Cuizhen alisema. "Si nibahatishe."

Boqian akachovya brashi kwenye wino mwekundu, akapiga magoti, akaandika juu ya jiwe lenyewe. Katika mwandiko wa kusimama kila mstari uko peke yake, hauna wa kuuficha. Ule mrefu wa mlalo ulikwenda kama njia ya mbuzi mlimani.

Keng akainama sikioni mwake. "Nitaunyoosha kwa patasi. Hakuna atakayejua."

Boqian alikuwa karibu kuitikia. Lakini Cuizhen alikwisha kuchuchumaa mbele ya jiwe, kidole hewani, akifuata kila mstari, akishuka uliposhuka, akipanda ulipopanda.

"Zhuang," alisoma. "Han. Yu."

Hakukwama hata mara moja. Kisha akafunika uso kwa mikono.

"Chonga kama ulivyo," Boqian alimwambia fundi. "Palipoyumba, nawe yumba. Na chini yake weka kwa herufi ndogo: limeandikwa na kaka yake, Boqian."