Mkanda wa Kibaoni

Mume wangu Anselmo alisafisha picha jikoni kwangu, na jambo hilo sikulipenda tangu mwanzo. Dawa zake zilinuka kama siki iliyoharibika. Blanketi letu la arusi lilikuwa na mabaka ya manjano, kwa kuwa ndimo alimoficha mikono akiingiza mkanda wa kamera kwenye tangi la dawa usipigwe na mwanga. Na mwezi wa kumi hapa Mpanda maji ya bomba hutoka ya moto, na dawa ikipata joto picha inababuka. Basi maji ya mtungini yalikuwa ya Anselmo, sisi wengine tulikunywa ya vuguvugu.

Tangi lenyewe aliachiwa na padre mmoja Mzungu aliyerudi kwao. Halikusimama kama matangi ya wapiga picha wengine. Lililazwa juu ya magurudumu madogo ndani ya karai la maji, likawa linazungushwa, na mkanda unapita kwenye dawa kidogo iliyotulia chini. Dawa ilitoka Tabora kwa treni, siku ilipopenda kutoka, kwa hiyo tangi lisilokula dawa nyingi Anselmo alilipenda kuliko baiskeli yake. Mota ya tangi ilikuwa imekufa siku nyingi. Alizungusha kwa mkono.

Saa hatukuwa nayo. Alipima muda kwa rozari. Mkono wa kulia tangi, wa kushoto rozari, anasali kumi moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi, mwenyewe anaanza na mwenyewe anaitikia, mbio mbio kama mtu anayewahi treni. Akifika mwisho wa lile kumi, dawa inamwagwa. Nilimwambia Mama Maria si saa ya ukutani. Akanijibu kwamba picha zinatoka, na kweli zilikuwa zinatoka.

Siku moja wakaja Fabiani na mkewe Getrude kutoka Kibaoni, wamepanda lori la mpunga. Fabiani alikuwa katekista wa kigango chao, na huko nyuma Anselmo alikuwa amempiga picha nje ya nyumba yake, amekaa kitini juani, shati jeupe limenyooshwa vizuri. Binti yao Emerensiana akaja kusimama mlangoni nyuma yake. Baba akamwambia atoke, anaharibu picha. Anselmo akabonyeza. Mkanda haukuwa umeisha, na miaka ile ukipata mkanda huutoi mpaka uishe, kwa hiyo ukabaki ndani ya kamera. Kisha surua ikapita Kibaoni ikamchukua mtoto. Hakuwa na picha nyingine duniani.

"Nimeanza kusahau pua yake," Getrude aliniambia kabla hata hajakaa. "Mimi mama yake. Sauti naisikia, lakini pua inanipotea."

Anselmo hakumdanganya. "Mama, pale mlangoni palikuwa giza, na mimi mwanga niliupima kwa shati la mzee. Tena sijui kama mtoto alikuwa ameshatoka. Anaweza asiwemo kabisa."

"We angalia tu, baba."

Fabiani hakuingia. Aliketi kwenye kigoda nje, chini ya dirisha la jiko, kofia magotini. Chai niliyompelekea ilipoa. Sikuhitaji kuambiwa alikuwa anaogopa nini.

Anselmo aliutoa mkanda kwenye kamera, akauingiza tangini chini ya blanketi, akamimina dawa, akaanza kuzungusha na kusali. Alipofika Salamu Maria ya pili, Getrude akapiga magoti kwenye sakafu yangu ya udongo akaitikia. Akaitikia polepole, kwa sauti ya msibani, kila neno linatoka peke yake. Utamharakishaje mama aliyefiwa? Anselmo akapunguza mwendo wa kusali, mkono ukaendelea na mwendo ule ule. Nikamkonyeza. Akatazama pembeni.

Kumi likaisha. Akaanza kuinua tangi amwage dawa, lakini Getrude hakusema "Atukuzwe Baba" kama Anselmo alivyozoea. Alisali kama tunavyowasalia marehemu: "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Na kutoka nje, chini ya dirisha, sauti ya mwanamume ikaitikia: "Na mwanga wa milele umwangazie."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la Fabiani tangu tulipoamkiana. Hakuishia hapo. Akaanza kumi jingine, yeye mwenyewe, kwa sauti ile ya katekista aliyezika watu wengi, ila sasa ilikuwa inakatika katikati.

Mimi ningewakatisha. Nasema kweli, nilikasirika, kwa sababu nilijua mkanda unaungua mle ndani na mkanda ndio uliokuwa na mtoto wao. Nikamwambia Anselmo kwa midomo tu: mwaga. Akatikisa kichwa. Akazungusha, jasho linamtiririka mpaka kwenye karai, mpaka Fabiani alipomaliza.

Ndipo akaimwaga, akatia dawa ya pili ya kuzuia mkanda usiendelee kuiva, akaosha, akautundika mkanda kwenye kamba. Kwenye mkanda cheupe hutoka cheusi, hilo nilikuwa nimelizoea. Lakini mahali pa shati la Fabiani palikuwa peusi kama masizi ya sufuria.

"Umeiva kupita kiasi," Anselmo alisema, na Getrude akashika ukingo wa meza.

Ulipokauka tukajifungia stoo, tukaziba nyufa kwa magunia, taa tukaifunga kitambaa chekundu. Anselmo akaulaza mkanda juu ya karatasi ya picha, akaimulika kwa tochi, muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akaitumbukiza kwenye sahani ya dawa. Tukainama wote watatu. Pichani Fabiani hakutokea. Shati, uso, kiti, vyote vilibaki weupe mtupu, kama mtu aliyeketi ndani ya jua. Nyuma yake mlango ukaanza kuja. Ukaja mkono ulioshika mwimo wa mlango, ikaja shingo, ukaja uso.

Emerensiana alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu mwingine ameuegemeza gotini.

"Anasimama hivyo hivyo," Getrude alisema. Akasogeza kidole karibu na dawa bila kugusa. "Pua ya bibi yake. Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo kabisa."

"Ningemwaga kwa wakati wake," Anselmo aliniambia taratibu, "mlango ungebaki giza tupu." Nilitoka kwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji, nikalia nyuma ya nyumba.

Niliporudi, Getrude alikuwa amempelekea mumewe picha juu ya sahani, bado mbichi. Fabiani aliinamia sahani. Mahali pake palipokuwa peupe hakupaulizia.

"Nilimwambia atoke," alisema.

"Hakutoka, mzee," Anselmo akamwambia.

"Hakutoka." Akaichukua kofia magotini, akaishika juu ya sahani, mtoto asipigwe na jua.