Upele wa Mchungwa

Bernadeta aliuona upele ule asubuhi alipokuwa anafagia, na tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia. Ulikuwa magamba membamba ya kijivu, mengine ya kijani iliyopauka, yametanda kwenye shina la mchungwa mpaka kwenye panda. Ungekuwa mti mwingine angepita zake. Lakini huu aliupanda mwenyewe juu ya kitovu cha binti yake Gladness, kama walivyofanya kwao Nansio, kila mtoto na mti wake. Padri asingependa kusikia habari hizo, kwa hiyo Bernadeta hakumwambia. Kwake jambo lilikuwa wazi: mti ukiugua, mwenye kitovu hayuko salama.

Na Gladness alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilishatoka, hii ya tatu ndiyo iliyofika mbali, na mumewe akamleta kwa mama yake hapa Mkuyuni apumzike. Nesi alishasema: asibebe ndoo, akae nje penye hewa safi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Bernadeta alishaumwa mara mbili. Mtoto akicheza sana tumboni mwa binti yake, aliogopa. Asipocheza, ndiyo kabisa.

Mwaija, mama Hadiya, jirani wa ng'ambo ya ua, ndiye aliyemzidishia kiwewe.

"Mtume! Mama Gladness, huo si ukoma wa miti huo?"

"Unaambukiza?"

"Mimi sijui, dada. Ila lisemwalo lipo. Mwondoe mtoto hapo, halafu utafute oili chafu, uupake shina zima. Mchwa wanakufa, sembuse upele!"

Bernadeta hakungoja kuambiwa mara ya pili. Gladness alikuwa amezoea kukaa upande wa mawe, ambako upepo wa ziwa unafika. Mama mtu akazoa mkeka na mto, akamhamishia upande wa pili wa mchungwa, penye shina safi lisilo na gamba hata moja. Upande huo ulitazama mashine ya kusaga ya Chenge. Chenge alipopunguzwa kazi kiwandani, kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye mashine, maana siku hizo za soko huria kila mtu alikuwa mfanyabiashara, na bomba la moshi akalielekezea kwenye ua wa wenzake. Aliahidi kulirefusha. Ahadi za Chenge nazo, we acha tu.

Gladness alicheka alipoona anahamishwa kama kuku wa kutamia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mambo ya mimea aliyapenda tangu chuoni.

"Mama, huo si ugonjwa. Sisi tuliita likeni. Ni kuvu na mwani, wanaishi pamoja kama mke na mume. Kuvu anajenga nyumba na kutunza maji, mwani anapika chakula kwa jua. Mti hawaunyonyi, wameegemea tu."

"Wapangaji, siyo?"

"Tena wapangaji wasio na maneno. Hebu litazame lile jiwe lako, limejaa hizo hizo, za manjano na za kijivu. Jiwe nalo linaumwa?"

Bernadeta akageuka. Lile jiwe kubwa la uani alilianikia dagaa miaka yote, na kweli, lilikuwa na mabaka kila mahali, mengine ya rangi nzuri kama kitenge. Hakuwahi kujiuliza ni nini. Lakini mtu mwenye hofu humshindi kwa hoja.

"Jiwe halina kitovu cha mtu," akasema.

"Haya. Ila zinakula hewa na umande tu, mama. Moshi ukizidi, zinakufa."

"Basi zife! Wewe kaa hapo hapo, usinifundishe kulea."

Gladness akakaa hapo hapo. Siku zilizofuata kichwa kikaanza kumgonga, akawa anakohoa, chakula hakipiti. Kila alipokohoa, Bernadeta alikwenda kuutazama upele, akauona umeongezeka hata pale ambapo haujaongezeka. Mwishowe akaenda kwa Muharami, fundi magari, akaomba kopo la oili chafu.

Aliporudi, mashine ya Chenge ilikuwa inanguruma na moshi umejaa uani. Gladness alikuwa ameanguka ubavu kwenye mkeka, midomo imepauka.

"Yesu wangu! Mama Hadiya! Njoo uone, nakufa mie!"

Mwaija akaja mbio na maji, wakammwagia. Gladness akafumbua macho. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Mtoto hachezi. Tangu asubuhi hajacheza."

Mwaija akakimbilia barabarani kutafuta gari. Bernadeta akabaki na lile kopo. Akachovya tambara kwenye oili, akaushika mti kwa mkono wa pili asianguke, na kiganja kikatoka cheusi. Haikuwa oili. Akapangusa tena lile shina safi kwa kiganja hicho hicho, kikajaa masizi. Akazunguka taratibu. Yale magamba yaliishia pale pale ulipoanzia moshi, na ya pembeni yalikuwa yamekauka, yanapukutika. Upande wa mawe yalikuwa yamenawiri. Akalikwangua moja kwa ukucha. Ganda la mti chini yake lilikuwa zima.

Akarudi kwa binti yake, akamfuta pua kwa ncha ya khanga. Khanga ikatoka na weusi ule ule.

Alimshika Gladness kwapani, mwanamke mzima na tumbo lake, akamkokota mpaka upande wa mawe, akamlaza mgongo ukiegemea ule upele wote. Upepo wa ziwa ukawapiga usoni.

"Uliniambia," Bernadeta akasema. "Mwanangu, uliniambia, nikakuambia ukae hapo hapo. Nimekuweka kwenye moshi kwa mikono yangu."

Gladness aliuchukua mkono wa mama yake, mweusi vile vile, akauweka tumboni. Wakangoja. Bernadeta aliwaomba watakatifu wote aliowajua kwa majina, akaanza upya.

Mwaija alipofika langoni na dereva wa pikapu, alikuta mayowe. Bernadeta alikuwa amepiga magoti chini ya mchungwa analia kilio cha msiba, mikono kichwani, khanga imemvuka. Mwaija akajishikilia kwenye nguzo ya lango, akaanza kunong'ona, "Innalillahi wa inna ilaihi..."

"Mama Hadiya," Gladness akaita kwa sauti ndogo, "shikamoo. Ingia tu. Amecheza."