Wageni wa Sekunde Kumi

Jumamosi ile, saa kumi na robo alasiri, shangazi alikuwa anabadilisha zipu ya suruali ya mwalimu, ya tatu mwaka huo, maana mwalimu alikuwa ananenepa na hataki kuambiwa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Akainua macho kutafuta mkasi, akamwona kijana mkubwa amesimama kati ya cherehani na meza ya kupigia pasi. Alivaa fulana ya bluu, kofia nene ya kukinga kichwa na glavu za ngumi, na jasho lilikuwa linamdondoka kwenye nguo za watu.

"Sogea, utanilowesha kazi," shangazi akamwambia. "Haya, keti."

Kijana akaketi kwenye kigoda, akaamkia. Shangazi akaitikia, akaleta maji, na kwa kuwa glavu hazishiki kikombe, akamnywesha mwenyewe. Kijana akashukuru, akajifuta mdomo kwa bega, kisha hakuwapo. Shangazi akapangusa kigoda, akarudi kwenye zipu.

Jua lilipokuwa linazama akaingia mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu anatambaa. Mtaani walimwita Kabati, kwa sababu tangu akiwa na miaka kumi na sita alikuwa akipita mlangoni kwa ubavu.

"Shangazi, nimeshinda. Refa kahesabu mpaka kumi, mtu hakuamka."

"Ana pengo la mbele?"

"Analo."

"Basi alikuwa hapa. Ana adabu yule. Usimpige tena."

Kabati akafikiri. "Alikaa sana?"

"Kikombe kimoja cha maji."

"Ndiyo hiyo kumi," akasema Kabati, akaenda kuoga.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda miaka yote ya ngumi za ridhaa. Siku za kazi Kabati alibeba magunia kwenye kinu cha unga, akarudi mweupe kama amefufuka. Alfajiri alikimbia kabla wenye mbwa hawajaamka. Jumamosi shangazi alimfunga mikono kwa vitambaa alivyochana kutoka mashuka makuukuu, akamwombea dua, akarudi kushona. Wageni wakawa wanakuja mmoja mmoja: fundi magari, mpishi wa hoteli, askari mmoja aliyeingia amesimama wima akasahau kuketi. Wote walipigwa kwa mkono wa kushoto wa Kabati, ambao haukuwa na kelele. Ulikwenda na kurudi kama droo iliyopakwa nta.

Lakini neno moja lilimkera Kabati, akashindwa kulala nalo.

"Shangazi, niambie kweli. Ni ngumi yangu inayoshinda, au ni kigoda chako? Maana mtu ukimkaribisha maji, hawezi kuondoka kabla ya kumi."

Shangazi akaona hoja ina miguu. Jumamosi iliyofuata akaja mpiga rangi mmoja, mrefu kama ngazi yake. Shangazi hakumkaribisha. Alimwambia tu, "Hapa kuna kazi nyingi leo, baba," na mpiga rangi akaomba radhi akarudi, refa akiwa kwenye sita. Dakika mbili hazijapita, huyo tena.

"Mama, ni mimi," akasema kwa aibu.

"Sasa keti," akasema shangazi, na tangu siku hiyo Kabati alilala usingizi wake wote.

Alipokuwa amewashinda wote wa uzito wa juu waliokuwapo, na wengine wakaanza kupunguza kula ili wahamie uzito wa kati, alikuja promota. Alikuwa na viatu vinavyong'aa na mkoba mtupu. Alisifu nyumba, akasifu cherehani, akamtaka Kabati aingie ngumi za kulipwa.

"Huko," shangazi akauliza, "wanavaa kofia?"

"Hapana, mama. Watu wanataka kuona sura."

"Na mtu akianguka?"

"Kuna daktari. Sheria ni kali sana: aliyepigwa akalala, hapandi ulingoni miezi mitatu."

Shangazi alimpima kwa macho, kama anavyompima mteja anayesema hajanenepa. Lakini Kabati alikuwa ameinamia kiti akimsikiliza promota, na uso wake ulikuwa ule wa siku alipopewa viatu vya kwanza. Shangazi akakata kitambaa chekundu, akamshonea bukta mpya.

Ngumi za kulipwa zilikuwa na wageni wa namna nyingine. Bila kofia, tena kwa glavu nyembamba, walikaa kupita kumi. Wengine walimaliza birika. Shangazi alizoea kuwapa kazi ya kuangalia pasi isiungue. Na Kabati alizidi kung'aa: mapambano kumi na moja, wageni kumi na mmoja. Watoto wa mtaani walipita milangoni kwa ubavu, hata wembamba kama fito.

Mgeni wa tano ndiye aliyekuwa Mwashi. Aliingia ameshikilia bukta kwa glavu mbili, lastiki imekatika.

"Shikamoo mama. Samahani kwa hali hii. Mimi ni mwashi, najenga kuta. Ngumi ni za jioni tu."

"Marahaba. Simama hivyo hivyo." Shangazi akamkaza kiuno kwa uzi uliokuwa kwenye sindano, wa njano. "Umepigwa na mwanangu?"

"Sijui ni nani, mama. Nilimwona bega tu."

Akanywa, akaondoka. Wiki tano baadaye, siku ambayo Kabati alikuwa nyumbani ameloweka miguu kwenye beseni, Mwashi akaingia tena.

"Mimi sijampiga mtu leo," Kabati akasema.

"Wamempiga wengine. Aliyekwisha kuijua njia haulizi."

Mwashi aliamkia. Akamaliza maji, akaamkia tena. Kiuno kilikuwa na uzi wa njano.

Mara ya tatu haikufika hata mwezi. Alisimama akazungusha macho chumbani, akauliza kama hapa ndipo kwa mama yake. Shangazi, ambaye hasemi uongo ila kwa wateja kuhusu siku ya kuchukua nguo, akamwambia ndiyo.

Kabati alikwenda kwa promota. Promota akamwambia Mwashi ana cheti cha daktari, tena kipya. Akampangia Kabati apigane naye tena, kwa urahisi. Kabati akakataa, akasema yeye hapigi mtu wa nyumbani. Shangazi naye akavaa viatu, akaenda ofisi ya chama cha ngumi, akamweleza karani kila kitu: siku, uzi, maamkio mawili.

Karani alisikiliza vizuri. "Ni kweli, mama, wanafika kwa wengi. Kuna mzee mmoja wanamjia dukani. Sasa wewe, una kitabu cha wageni?"

"Sina."

"Walisaini popote?"

"Mwanangu, mtu mwenye glavu anasaini nini?"

"Basi hapo ndipo tunapokwama," akasema karani, kwa huruma ya kweli. Nyuma yake ukutani palikuwa na mabango matatu. Shangazi alimtambua Mwashi kwenye yote: kwenye la kwanza aliitwa Kifaru, la pili Radi, la tatu Tingatinga. Jina lilibadilika, uzi ulikuwa uleule.

Pambano la mkanda likawekwa Jumamosi alasiri. Shangazi alimfunga Kabati mikono kwa shuka lake zuri, lile la wageni. "Nenda, baba," akamwambia. "Hapa sitaki kukuona kabla ya jioni."

Saa tisa, kwenye mapambano ya kufungulia, Mwashi akaingia. Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Hakuamkia. Shangazi hakumpa maji.

"Inuka, mwanangu. Wanakuhesabia."

Mwashi alikuwa anatazama ukuta kama anayetafuta tofali lililopinda.

Shangazi akambembeleza, akamkemea, akamtania kwamba mke atamfungia nje. Akamvuta mkono. Saa tisa na nusu ikapita, saa kumi ikapita. Huko ulingoni refa alikwisha maliza kuhesabu zamani, watu wamekwisha badilisha taulo. Shangazi hakukoma. "Inuka," akamwambia, "inuka basi, baba."

Saa kumi na dakika ishirini akaingia Kabati, kwa ubavu, ingawa hakupita mlangoni. Jicho moja lilikuwa limeziba. Shangazi hakuwahi kumwona mtu mzuri kama yule, hata katika hali ile: mabega kama ukuta wa ghala, na bukta nyekundu haijalegea hata uzi.

"Shangazi, nimechoka. Nipe maji."

"Maji yamekwisha. Kazi umemwachia nani?"

"Nikae kidogo tu."

"Kigoda kina mtu."

Kabati akatega sikio, kama anayesikiliza redio ya jirani. "Nne," akasema. "Tano."

Hapo Mwashi akageuza shingo. Alimwona kijana mkubwa amesimama, damu inamtoka, na adabu yake ikamrudia. Akaweka glavu kwenye magoti, akaanza kuinuka.

"Keti wewe, bwana mdogo," akasema. "Mimi nimepumzika vya kutosha."

Shangazi akamwekea Mwashi mkono begani, akamkalisha.

Alimkandamiza hapo kwa nguvu zake zote, mkono ule wa kukanda na kushona miaka arobaini. Akamwambia Kabati, bila kumtazama, "Rudi kazini."

"Nane," akasema Kabati, akageuka kwa ubavu, akaenda.

Raundi iliyofuata akaja bingwa mwenyewe, mapambo ya bukta yananing'inia. Akakuta kigoda kina mtu, akaketi sakafuni bila kinyongo. "Una mtoto hodari," akasema. "Najua," akasema shangazi. "Kunywa." Maji yalikuwapo, birika nzima. Alimnywesha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado uko begani kwa Mwashi, na ulipoondoka, Mwashi hakujaribu tena.

Kabati alirudi na mkanda, mtaa mzima nyuma yake unaimba. Aliwaachia nje akaingia peke yake, akamwamkia Mwashi kwa kumgusa glavu, akamwekea mkanda mapajani aushike kidogo. Mwashi aliupapasa, akasema mshono ni mzuri.

Bado yuko hapo. Shangazi alimvua glavu, na sasa anatunga uzi kwenye sindano, hakosei hata tundu dogo. Hospitali wanasema kule kitandani amelala vizuri, ila haamki. Bango la mwezi ujao limebandikwa pale kinuni: ameitwa Kimbunga, na karani anasema karatasi zake zimekamilika.

Ijumaa seremala alileta benchi la watu watano. Shangazi alilipangusa, akaliweka upande wa pasi, akajaza birika. Kesho yake msimu ulikuwa unaanza, na Kabati anapigana saa kumi.